Vidole Vyetu Wakati wa Kipupwe

Mwezi wa Juni umeingia. Mvua zimekwisha. Mahindi yamekauka shambani. Usiku mbingu hazina wingu, na nyota zinaonekana nyingi. Asubuhi unatoka nje, unakuta majani yamefunikwa na sakitu nyeupe. Ukiyakanyaga yanavunjika kwa mlio. Maji uliyoyaacha nje kwenye beseni yana barafu nyembamba juu yake.

Hicho ndicho kipupwe chetu huku Makete na Njombe. Baridi hii huanza Juni na kuendelea mpaka Agosti. Inakuja kwa sababu nchi yetu iko juu. Kila unapopanda mlima mita 1,000, joto hupungua kiasi cha digrii 6. Uwanda wa Kitulo uko juu kiasi cha mita 2,600 kutoka usawa wa bahari. Ndiyo maana mtu wa Dar es Salaam analala na shuka moja, na wewe unalala na mablanketi matatu.

Wakati huu wa baridi, watu wengi huvimba vidole vya miguu na vya mikono. Vidole huwasha, huchoma kama vimeguswa na moto, na huuma. Wengine hushindwa kuvaa viatu. Katika darasa letu la kisomo, wengine hushindwa kushika kalamu.

Somo letu la leo ni juu ya uvimbe huo. Tutajifunza unatoka wapi, utautambuaje, na utajikingaje.

MAMA MMOJA NA JIRANI YAKE

Kwanza nitakusimulia jambo lililotokea katika darasa langu.

Mwanakisomo mmoja, mama wa watoto wanne, aliacha kuja darasani. Nilikwenda nyumbani kwake kumjulia hali. Nilimkuta amekaa jikoni, miguu ameinyoosha karibu na moto. Vidole vyake vilikuwa vimevimba na kugeuka rangi. Alisema usiku halali kwa kuwashwa.

Nikamwuliza, "Mama, umekwenda zahanati?"

Akajibu, "Mwalimu, haya si mambo ya zahanati. Nimekanyaga kitu. Nimetegewa njiani."

Akamtaja jirani yake. Walikuwa wamegombana juu ya mpaka wa shamba. Tangu siku hiyo walikuwa hawasalimiani. Watoto wao walikatazwa kucheza pamoja.

Sikubishana naye. Nilimwuliza jambo moja tu: "Mama, mwaka jana je? Ulivimba hivi?"

Akafikiri. Akasema ndiyo, mwaka jana pia alivimba, wakati wa kulima vinyungu. Lakini ugomvi wa mpaka ulikuwa na miezi minne tu.

Nikamwomba afanye kazi moja. Achukue daftari lake la kisomo. Kila siku atakayovimba, aandike tarehe. Aandike pia kazi aliyoifanya siku hiyo na siku iliyotangulia. Tutarudi kwa mama huyu baadaye, tuone daftari lilisema nini.

UVIMBE HUU NI KITU GANI?

Waganga wa hospitali huuita uvimbe huu pernio. Sisi katika somo hili tutauita uvimbe wa baridi. Haupatikani kwetu peke yetu. Unajulikana tangu zamani Uingereza na katika nchi nyingine za Ulaya zenye baridi na unyevu.

Sikiliza sasa jinsi unavyotokea.

Damu ndiyo inayopeleka joto mwilini. Inatoka moyoni, inapita katika mishipa mikubwa, halafu katika mishipa midogo sana iliyo chini ya ngozi. Baridi ikikugusa, mwili unajihami. Unataka kulinda moyo, mapafu na ubongo kwanza. Kwa hiyo unabana mishipa midogo ya vidole, masikio na pua. Damu inabaki zaidi ndani. Vidole vinapoa na kufa ganzi.

Mpaka hapo hakuna ugonjwa. Lakini mishipa ya watu wengine hubana sana kupita kiasi, tena huchelewa kufunguka. Na mtu akitoka kwenye baridi kali akaweka miguu motoni mara moja, damu hurudi kwa kasi wakati mishipa haijawa tayari. Maji ya damu huvuja na kuingia katika nyama iliyo jirani. Hapo ndipo kidole huvimba, huwasha na kuuma.

Wewe mkulima unaujua mfereji. Ukiufunga mfereji mdogo, halafu ukaleta maji mengi kwa ghafula, maji hayafuati njia. Yanamwagika pembeni na kuharibu tuta. Ndivyo inavyokuwa katika kidole.

Uvimbe huu hauambukizi. Ukila na mgonjwa, ukilala naye au ukimshika mkono, hupati kitu.

BARIDI NA MAJI NI NDUGU

Si lazima sakitu ianguke ndipo uvimbe. Baridi ya kawaida yenye unyevu inatosha. Maji huondoa joto la mwili upesi sana kuliko hewa kavu. Mguu ulio mkavu huvumilia baridi. Mguu uliolowa hauvumilii.

Fikiri juu ya kazi zetu za miezi hii. Tunalima vinyungu mabondeni. Tunasimama katika udongo wenye maji tangu asubuhi. Na bonde ndilo mahali penye baridi kuliko pote, kwa sababu hewa ya baridi ni nzito. Usiku hushuka kutoka vilimani na kutulia bondeni kama maji. Kwa hiyo mkulima wa kinyungu anapata mambo mawili pamoja: baridi na maji.

Akina mama wanafua nguo mtoni na kuosha vyombo kwa maji ya baridi. Wachuma chai wanapita asubuhi katika majani yenye umande. Watoto wanakwenda shule na kandambili katika nyasi zilizolowa. Wote hao wamo hatarini.

Wanaopata zaidi ni wanawake, watoto, wazee, watu wembamba na watu wasiokula vizuri. Wavuta sigara pia, kwa sababu tumbaku hubana mishipa ya damu. Tena mtu aliyevimba mwaka jana huweza kuvimba mwaka huu. Katika nyumba moja, mmoja huvimba na mwingine havimbi, hata kama wamefanya kazi pamoja. Miili yetu haifanani.

UTAUTAMBUAJE?

Uvimbe wa baridi hautokei papo hapo. Huanza saa kadhaa baada ya kupigwa na baridi, mara nyingi jioni au siku ya pili. Ndiyo maana mtu hasemi, "Ni ile baridi ya jana." Anatafuta sababu nyingine.

Tazama dalili hizi:

1. Vidole, visigino, masikio au pua huwasha na kuchoma, hasa ukiota moto au ukiingia kitandani.
2. Hutokea vivimbe vidogo, au kidole kizima huvimba. Ukikigusa kinauma.
3. Rangi ya ngozi hubadilika. Vitabu vingi husema ngozi huwa nyekundu. Lakini kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Mara nyingi ngozi huwa nyeusi zaidi, au rangi ya zambarau, na hung'aa.
4. Ukizidi, hutokea malengelenge. Yakipasuka huwa vidonda.

Mtu akiacha kupigwa na baridi, uvimbe hupona wenyewe katika wiki mbili au tatu. Akiendelea kusimama katika maji ya baridi kila siku, hauponi mpaka kipupwe kiishe.

USIUCHANGANYE NA MAGONJWA MENGINE

Hapa nitasema kosa langu mwenyewe. Mimi nilizaliwa Kilosa, mahali pa joto. Nilipoletwa kufanya kazi Makete, kipupwe cha kwanza nilikwenda madarasani na viatu vilivyolowa umande. Jioni niliweka miguu karibu kabisa na moto. Siku ya pili kidole gumba kiliwasha mno. Nikasema, "Huyu ni funza." Nikachukua pini, nikachimba. Sikuona funza. Nikapata kidonda kilichotunga usaha, nikachechemea mwezi mzima.

Kwa hiyo, kabla hujashika pini, tazama vizuri.

Funza ana doa dogo katikati ya uvimbe. Uvimbe wa baridi hauna doa.

Upele huwasha zaidi usiku. Hukaa katikati ya vidole, kwenye vifundo vya mikono na kiunoni. Nao huambukiza, watu wengine nyumbani hujikuna pia.

Fangasi za miguu hukaa katikati ya vidole. Ngozi huwa nyeupe, hubanduka na kunuka. Huweza kutokea hata wakati wa joto.

Magaga ni ngozi kavu ya kisigino iliyopasuka. Hayo husaidiwa na mafuta.

Ukoma ni jambo kubwa zaidi. Huanza na baka lililofifia au jekundu ambalo haliwashi wala haliumi. Ukiligusa kwa unyoya husikii. Ukiona baka la namna hiyo, nenda zahanati upesi. Ukoma unapona, na dawa yake hutolewa bure.

UKISHAVIMBA, FANYA HIVI

Vua viatu na soksi zilizolowa. Kausha miguu kwa kitambaa, polepole, bila kusugua. Vaa soksi kavu au jifunike blanketi. Acha miguu ipate joto kidogo kidogo.

Ukitaka kuosha miguu, tumia maji ya vuguvugu. Yajaribu kwa kiwiko, kama unavyojaribu maji ya kumwogesha mtoto mchanga. Usiyajaribu kwa mguu ulio na ganzi, maana mguu huo hausemi kweli.

Usikune. Kucha huleta kidonda, na kidonda huingiza vijidudu. Kata kucha za watoto ziwe fupi. Usichue wala usikande vidole vilivyovimba.

Usiweke miguu motoni, wala katika maji ya moto. Najua jambo hili ni gumu. Mtu ametoka kinyungu, anatetemeka, na moto unawaka. Ota moto, lakini kaa mbali kidogo. Pasha mwili wote joto, usipashe vidole peke yake.

Usipake mavi ya ng'ombe, majivu, mafuta ya taa wala maji ya betri. Kama pana lengelenge, usilitoboe. Kama limepasuka, osha kwa maji safi na sabuni, kausha, funika kwa kitambaa safi.

Kama maumivu ni makali, dawa ya kutuliza maumivu kama panadoli husaidia. Kwa mtu anayevimba sana kila mwaka, mganga anaweza kutoa dawa ya kufungua mishipa ya damu. Usijinunulie dawa hiyo mwenyewe.

NENDA ZAHANATI UPESI KAMA:

– kidonda kinatoa usaha, au una homa;
– kidole kimekuwa cheusi, kigumu, hakina hisia;
– wiki tatu zimepita na hujapona;
– unavimba hata wakati wa joto;
– una ugonjwa wa kisukari.

Hilo la mwisho litie akilini. Miguu ya mgonjwa wa kisukari mara nyingi haina hisia. Anaweza kuungua motoni asijue. Kidonda kidogo kwake huweza kumfanya akatwe mguu.

KINGA NI BORA KULIKO TIBA

Wazee wetu wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu walikusanyika vijijini kusikiliza redio na kujadiliana. Walijifunza kwamba magonjwa mengi yanaweza kuzuiwa na wananchi wenyewe. Uvimbe wa baridi ni mmoja wapo. Fanya haya:

Anza mapema. Usingoje kuvimba. Mwezi wa Mei ukiisha, tayarisha nguo za baridi. Masoko ya mitumba yana sweta, soksi na kofia za sufu. Sweta la zamani lililochanika laweza kukatwa na kushonwa soksi za watoto.

Pasha mwili wote joto. Mwili ukiwa na joto, haubani mishipa ya vidole. Kwa hiyo sweta na kofia husaidia hata miguu. Kunywa uji wa moto kabla ya kwenda shamba. Kula ushibe.

Kaa mkavu. Uwe na soksi jozi mbili. Moja miguuni, nyingine mfukoni. Ukimaliza kazi ya maji, badilisha. Mabuti ya mpira huzuia maji, lakini jasho hubaki ndani. Jioni yatoe, yajaze nyasi kavu au magazeti ili yakauke. Usiyaweke karibu na moto yataharibika.

Usivae viatu vinavyobana. Kiatu kinachobana huzuia damu. Soksi mbili ndani ya kiatu kidogo ni mbaya kuliko soksi moja ndani ya kiatu kinachokutosha.

Panga kazi. Kama inawezekana, ingia kinyungu baada ya jua kupanda. Asubuhi fanya kazi za mahali pakavu. Fua nguo mchana, na ongeza maji ya moto kidogo kwenye beseni. Baba, kama mama anafua, mletee kuni. Hilo nalo ni dawa.

Tembeza damu. Ukisimama muda mrefu, chezesha vidole, piga hatua, pumzika mahali pakavu.

Acha sigara na ugoro. Na usidanganywe na pombe. Pombe humfanya mtu ajisikie ana joto, kumbe joto lake linatoka nje. Mlevi akilala njiani usiku wa kipupwe, huweza kufa kwa baridi.

JIKO LA MKAA SI BLANKETI

Ndugu msomaji, hapa nakuomba usome polepole. Uvimbe wa baridi unauma, lakini hauui. Liko jambo la kipupwe linaloua.

Watu wengine huingiza jiko la mkaa chumbani usiku, wakafunga mlango na dirisha, wakalala. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu. Hewa hiyo haina rangi wala harufu. Huonekani moshi, lakini sumu ipo. Ukiivuta, inachukua nafasi ya hewa safi katika damu. Kichwa kinauma, unasikia kizunguzungu na kichefuchefu, mwili unalegea, usingizi unakuwa mzito. Aliyelala hapati nafasi ya kuzinduka. Familia nzima huweza kufa usiku mmoja.

Kwa hiyo ota moto kabla ya kulala, mahali penye hewa. Halafu toa jiko nje. Usiliache ndani hata kama mkaa umefunikwa na majivu. Ukimkuta mtu amezidiwa chumbani, fungua mlango na madirisha, mtoe nje apate hewa safi, mpelekeni hospitali mara moja.

DAFTARI LILISEMA NINI?

Sasa turudi kwa yule mama. Aliandika miezi mitatu. Maandishi yake yalikuwa mafupi: tarehe, kazi, hali ya vidole. Mwishoni mwa Agosti alilileta daftari darasani, akalisoma mwenyewe mbele ya wenzake.

Kila alipoandika "kinyungu" au "kufua", siku ya pili aliandika "vinawasha". Wiki mbili alikuwa Usangu kwa binti yake, kwenye joto. Kurasa za wiki hizo ziliandikwa "hapana, hapana, hapana". Na alikwenda Usangu kwa kupita njia ileile aliyodhani ametegewa.

Darasa lilinyamaza. Yule jirani yake alikuwa amekaa nyuma, maana naye ni mwanakisomo wetu. Akainuka, akavua kiatu, akatuonyesha mguu wake. Vidole vyake vilikuwa na alama zilezile za uvimbe unaopona. Kinyungu chake kiko bonde lilelile.

Akamwambia mwenzake, "Dada, kama mimi nilikutega wewe, mimi nilitegwa na nani?"

Ugomvi wa mpaka ulipelekwa baraza la kijiji ukaamuliwa. Vidole havikutajwa huko. Mwaka uliofuata nilimwona mama yule akiteremka kinyunguni saa nne, jua limepanda, soksi kavu zimefungwa katika khanga kichwani. Na nyuma yake alikuwa jirani yake.

Ndugu msomaji, chukua daftari lako. Andika leo ni tarehe ngapi. Tazama vidole vyako na vya watoto wako. Kisha fanya yale uliyojifunza.

MANENO YA KUKUMBUKA

Kipupwe: majira ya baridi, Juni mpaka Agosti.
Sakitu: umande ulioganda juu ya majani kwa sababu ya baridi.
Kinyungu: bustani ya bondeni inayolimwa wakati wa kiangazi.
Ganzi: hali ya kiungo kukosa hisia.
Vuguvugu: joto kidogo, si moto wala si baridi.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Kwa nini vidole huvimba kabla ya sehemu nyingine za mwili?
2. Kwa nini si vizuri kuweka miguu iliyopoa karibu na moto?
3. Taja tofauti moja kati ya funza na uvimbe wa baridi.
4. Je, katika kijiji chenu kuna nyumba zinazolala na jiko la mkaa? Mtafanya nini?
5. Mama wa hadithi hii alisaidiwaje na kuandika?